Karatasi za Karatina

Kisiwa cha Manda kinatazamana na Lamu, ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Ni mchanga, mikoko na vichaka, na juu yake yamebaki magofu ya Takwa, mji wa mawe ambao wenyewe waliuhama karne tatu na zaidi zilizopita. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotafuta mahali pa kuwatupa watu iliowaogopa, ilikumbuka kisiwa hicho. Tangu 1953 wakaletwa huko wanaume waliozaliwa kwenye ukungu wa mlima Kenya, watu wa viazi na maji baridi ya mito, wakapewa jua la pwani, mbu, na maji yaliyokolea chumvi. Achieng Oneko, aliyeshtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria, alikuwa mmoja wa waliozuiliwa hapo.

Mwingine alikuwa karani wa zamani wa jeshi kutoka Nyeri, na huyu alikuwa na ugonjwa wa kuandika. Aliandika shajara. Aliandika barua kwa mkewe, nyingine kwa wakubwa wa kambi kulalamikia hali yao, na kisha akafanya jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya: alitunza. Karatasi ambayo mwingine angewashia sigara yeye aliikunja akaiweka.

Jina lake Gakaara wa Wanjau. Hakusomea ukutubi, wala hakupata kuajiriwa na maktaba yoyote ninayoijua. Hata hivyo mtu akiniuliza ni nani aliyekuwa mkutubi wa historia ya Nyeri na miji inayouzunguka mlima, nitamtaja yeye kabla ya kumtaja ofisa yeyote wa serikali. Alikuwa mwandishi, mchapishaji na mwenye duka la vitabu mjini Karatina, na kazi hizo tatu, ukizitazama kwa pamoja, zilikuwa kazi moja.

Alizaliwa 1921, kwenye eneo la misheni ya Tumutumu, ile iliyoanzishwa na Kanisa la Scotland 1908 chini ya kilima cha jina hilo, si mbali na Karatina. Baba yake, Johana Wanjau, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Kwa hiyo mtoto huyu alikulia miongoni mwa wale walioitwa athomi, yaani wasomaji, kwa kuwa katika Gĩkũyũ cha wakati ule kusoma na kubatizwa vilikuwa karibu neno moja. Tumutumu haikuwa misheni ya kupuuza mambo ya maandishi. Mmishonari Arthur Barlow alikaa miaka mingi akichambua sarufi ya Gĩkũyũ, akachapisha matokeo yake 1914. Stanley Kiama Gathigira, mwalimu wa hapo hapo, aliandika kitabu cha mila na maisha ya watu wake, Mĩikarire ya Agĩkũyũ, kikatoka 1934, miaka minne kabla ya Kenyatta kutoa chake cha Kiingereza kule London. Na upande wa pili wa wilaya, mjini Nyeri, mapadri wa Consolata kutoka Italia walikuwa na mashine yao ya kuchapa na gazeti lao, Wathiomo Mũkinyu, tangu 1916. Mtoto wa Nyeri wa miaka ya 1930 aliweza kuiona historia ya babu zake ikiwekwa kwenye risasi za chapa huku babu wenyewe bado wanaota moto.

Ila karatasi ilikuwa na sura nyingine kwa watu hao. Kwa mwanamume mzima, karatasi ya kwanza maishani haikuwa kitabu. Ilikuwa kipande, cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kikebe cha bati na kuning'inizwa shingoni, na asiyekuwa nacho alifungwa. Kila nikisoma habari za Gakaara narudi kwenye kikebe hicho. Watu walioandikwa na wengine kwa namna ile walikuwa na sababu ya kutaka kujiandika wenyewe.

Kutoka Tumutumu alikwenda Alliance, shule iliyokuwa juu ya zote kwa Mwafrika wa Kenya, na 1940 akafukuzwa kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Akaingia jeshini kama karani wakati wa vita ya pili ya dunia. Nyumbani Karatina vita hiyo ilikuwa imeleta kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Ilipokwisha, kiwanda kikafungwa, na wakulima waliozoea kuuza wakabaki na kabichi zao na hasira yao juu ya ardhi iliyochukuliwa. Ndiyo hali ambayo askari waliorudi waliikuta.

Gakaara alirudi akaanza kuchapisha. Mwaka 1946 alishirikiana na wenzake kuunda kampuni ya waandishi Waafrika, na vijitabu vikafuata: kimoja juu ya taratibu za kuoana, kingine kisa cha mapenzi na mahari kiitwacho Ngwenda Ũnjũrage, yaani Nataka Uniue. Vilikuwa vyembamba, vya kuuzwa kwa senti, vya kusomwa kwenye behewa la treni na kupitishwa kwa jirani. Mwaka 1948 akaandika kwa Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, na hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo. Mtu huyu ambaye baadaye angetajwa kama bingwa wa Gĩkũyũ aliona kwamba wito wa kusimama wima haukuwa wa kabila moja, akachukua lugha ambayo Mluo wa relini na Mkamba wa kambini wangeielewa. Kijitabu hicho kilikuwa kati ya vitu vilivyomtia kwenye orodha ya serikali.

Kingine kilikuwa kikali zaidi. Mwaka 1952 alichapisha nyimbo za Gĩkũyũ na Mũmbi, na pia imani, kwa maana ya ungamo la imani lile linalosomwa kanisani, isipokuwa kwamba hii ilimwamini Mungu wa Kĩrĩnyaga, yaani mlima Kenya, na wazazi wa taifa, Gĩkũyũ na Mũmbi. Mwana wa mchungaji alijua anachofanya. Nyimbo nyingi za siasa za wakati huo ziliimbwa kwa sauti za tenzi za kanisa, hivi kwamba askari aliyepita mbali na mkutano angedhani watu wanaabudu. Na walikuwa wakiabudu kweli.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitia sahihi amri ya Hali ya Hatari dhidi ya vuguvugu la Mau Mau, na polisi wakaenda na orodha mkononi. Wengi wa waliotafutwa walikuwa viongozi wa siasa, lakini orodha ilikuwa na wahariri na waandishi pia. Magazeti ya Gĩkũyũ yalipigwa marufuku. Henry Muoria, mhariri wa Mũmenyereri, alikuwa London wakati huo. Hakurudi kuishi Kenya tena. Gakaara alikamatwa usiku ule ule. Mkewe, Shifra Wairire, naye alikuja kufungwa.

Halafu zikaja kambi: Kajiado, Manda, Takwa, Athi River, na baadaye Hola. Shajara yake inatuonyesha kwamba kizuizini hapakuwa mahali pa mateso tu. Palikuwa pia shule. Waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua, watu walibishana juu ya siasa na Biblia, waligawana habari zilizopenya. Lakini humo humo walivunjana. Serikali ilitaka ungamo, na mwenye kuungama alipandishwa ngazi kuelekea nyumbani.

Hapa ndipo wengi wanaomsifu Gakaara hupita mbio, na mimi sitaki kupita mbio. Huko Athi River, kambi iliyokusudiwa kubadilisha mioyo ya wafungwa kwa mahubiri na mafundisho, mwandishi wa Mau Mau alishika kalamu kwa ajili ya upande wa pili. Alishiriki katika gazeti la kambi, Atĩrĩrĩ, lililopingana na yale aliyokuwa ameyahubiri 1952, akaandika na mchezo wa kuigiza. Wasomi waliokuja kuzipekua karatasi zake, Cristiana Pugliese na Derek Peterson miongoni mwao, wamelijadili jambo hili kwa undani. Wengine huliita usaliti. Wengine huliita ujanja wa mtu aliyetaka kurudi kwa watoto wake. Linalonishangaza mimi ni kwamba ushahidi tunao kwa sehemu kubwa kwa sababu yeye mwenyewe hakuuchoma. Alikuwa na miaka arobaini ya kuuchoma.

Wakati yeye yuko kambini, msitu wa Nyandarua na misitu ya mlima ilikuwa na watunza karatasi wake. Dedan Kimathi, aliyewahi kusoma Tumutumu kama yeye, alisisitiza kwamba majeshi ya msituni yaandike: majina ya wapiganaji, vikao, vyeo, barua. Karari Njama, mwalimu wa shule kutoka Nyeri, alikuwa katibu wake, na kumbukumbu zake zikatoka kitabuni 1966 kwa ushirikiano na Donald Barnett. Fikiria hali: mvua ya milimani, ndege za Waingereza zinaangusha mabomu, chakula hakuna, na mtu anabeba daftari. Kimathi aliamini kwamba siku moja serikali ya Waafrika ingetaka kujua nani alifanya nini. Alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa katika mahakama iliyokaa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Karatasi nyingi za msituni ziliangukia mikononi mwa Waingereza. Kumbukumbu za kesi yake yenyewe zilipotea machoni pa umma kwa miongo mingi hadi mwanahistoria Julie MacArthur alipozitoa kitabuni 2017. Na Maina wa Kinyatti, aliyekusanya maandishi ya Kimathi na nyimbo za Mau Mau, alifungwa 1982 na serikali ya Kenya huru kwa kosa la kumiliki maandishi ya uchochezi. Mkoloni alikuwa ameondoka miaka kumi na tisa, na karatasi bado ilikuwa na uwezo wa kumfunga mtu.

Mkoloni naye alikuwa amebeba zake. Kabla ya Desemba 1963 maofisa walichagua faili: nyingine zikachomwa, nyingine zikasafirishwa kimya hadi Uingereza. Zilikaa huko, mwishowe katika hifadhi ya siri ya Hanslope Park, hadi 2011, baada ya wazee wa Kenya kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini na mahakama kutaka kuona karatasi. Zilikuwa faili 1,500 hivi za Kenya. Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Faili ziliposhuka rafuni, wazee waliosemwa kuwa wanatunga hadithi wakaonekana walikuwa wakitoa ushahidi.

Niweke mambo haya mawili pamoja: dola nzima, yenye wakutubi na makabati ya chuma, iliyofanya kazi ya kuficha, na mtu mmoja aliyefanya kazi ya kuweka.

Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960. Watu walirudi milimani wakakuta nchi imepangwa upya. Familia zilikuwa zimehamishiwa vijiji vya lazima chini ya ulinzi wa ngati, yaani walinzi wa upande wa serikali, na mashamba yalikuwa yamepimwa na kuunganishwa wakati wenyewe wako kizuizini, hati zikaandikwa kwa majina ya waliokuwapo. Hii ndiyo karatasi ya tatu katika historia yetu, baada ya kikebe na kijitabu, na mpaka leo mahakama za Nyeri, Murang'a na Kerugoya hazijamaliza kuisoma.

Gakaara aliirudia kazi yake mara moja. Akaanzisha jarida, Waigua Atĩa, yaani Umesikia Nini, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Gĩkũyũ na Mũmbi. Akachapisha orodha na habari za koo za Agĩkũyũ. Nyimbo za 1952 zilichapishwa upya. Akaunda mhusika, Wa-Nduuta, mtu wa vituko, ambaye kupitia kwake aliwachekesha wasomaji juu ya mambo ya mjini, ya ndoa, ya siasa na ya fedha. Hadithi hizo zilipendwa kuliko maandishi yake mazito, jambo ambalo halimwaibishi mwandishi yeyote. Kazi yake akaihamishia Karatina.

Karatina ni mji wa soko. Ukitoka Nairobi unapita Makutano na Sagana, barabara inapanda, hewa inabadilika, na kabla hujafika Nyeri unakutana na msongamano wa malori ya viazi, karoti na ndizi. Reli ya Nanyuki ilipita hapa, na kila mtu wa eneo la Mathira lazima aje sokoni. Kwa mtu anayetaka historia isomwe na watu wa kawaida, hapa ni afadhali kuliko mji mkuu. Mkulima aliyeuza gunia lake aliweza kununua kijitabu kabla hajapanda gari la kurudi nyumbani. Maktaba za serikali zilikuja taratibu. Ile sheria ya kuunda Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipitishwa 1965, na maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi karibu na Uhuru. Kabla ya rafu za umma kufika, meza ya Gakaara ilikuwapo.

Hakuwa peke yake katika hamu hiyo. Katika miaka ya 1970 Godfrey Muriuki wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha historia ya Agĩkũyũ kuanzia 1500 hadi 1900 iliyojengwa juu ya mahojiano na wazee, na H. S. K. Mwaniki akafanya vivyo hivyo kwa Embu na Mbeere. Ila hao walikwenda kwa wazee wakarudi chuoni. Gakaara alibaki sokoni.

Alikuwa na ugomvi mmoja wa kudumu, nao ulikuwa juu ya tahajia. Wamishonari walikuwa wameipa Gĩkũyũ alama za ĩ na ũ, jambo jema, lakini irabu ndefu waliiandika mara nyingi kama fupi. Gakaara aliona kwamba kalamu hiyo inaiba pumzi ya lugha. Akaandika irabu mbili palipovutwa sauti mbili: Thooma, Paawa, Ithaamĩrio. Alitunga vitabu vya kufundishia kusoma na kuandika kwa namna hiyo. Wengi waliona ni usumbufu. Mimi mwenyewe nikisoma kurasa zake macho hujikwaa mwanzoni, kisha sikio linaanza kusikia mzee akizungumza.

Mwaka 1983 Heinemann ya Nairobi ilitoa kitabu kilichotokana na karatasi za kizuizini, Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Noma, iliyotolewa kwa fedha za mchapishaji Mjapani kwa vitabu vya Waafrika vilivyochapishwa Afrika, akaigawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu cha Gĩkũyũ, kilichotoka mkononi mwa mwenye duka wa Karatina, kikatajwa katika maonyesho ya dunia. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka 1988. Ikumbukwe kwamba wakati huo Mau Mau bado kilikuwa chama haramu kwa mujibu wa sheria: marufuku ya 1950 iliondolewa 2003 tu, chini ya Mwai Kibaki, mwana wa Othaya. Aliyekuwa ametunza karatasi za Mau Mau katika miaka ya 1970 na 1980 alikuwa ametunza, kisheria, mali ya kundi lililopigwa marufuku.

Kitabu hicho si shajara ghafi. Kimepangwa, kimepunguzwa, kimepambwa na mtu aliyejua kwamba majirani watakisoma. Anayetaka kumjua Gakaara wa 1953 hana budi kuweka kitabu upande mmoja na karatasi upande wa pili, na anaweza kufanya hivyo kwa kuwa karatasi zipo. Wenye kumbukumbu wengi huacha kitabu na kuchoma rasimu.

Alifariki 2001. Nakala za picha za karatasi na machapisho yake sasa zinatunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani: majarida, vijitabu vya senti, barua, maandishi ya kambini. Mwanafunzi wa Mukurwe-ini anazifikia kwa simu yake, akiwa na intaneti na subira, kutoka mji ambao babu yake hakuwahi kuusikia. Nina kinyongo kidogo na mpango huo, lakini nikikumbuka mahali zilipofikia faili za gavana, kinyongo kinapungua.

Mtunza orodha wa maktaba ya mbali ana kazi moja ambayo haina nafasi ya maoni: kunakili jina kama lilivyo juu ya jalada. Wakutubi wa Yale wamefanya hivyo. Ukitafuta kwa a moja unaweza kumkosa. Gakaara, a mbili, anafunguka.